Re: Trafiki wako kila kona, mbona mabasi bado yanakimbia hivi?

Mkuu, umeuliza kwa nini mabasi ya mikoani yanakimbizwa vile wakati trafiki wamejaa barabarani. Mi naona jibu ni kwamba dereva anaogopa tochi (kile kipima mwendo cha trafiki), ajali haiogopi. Juzi natoka Moro naenda Iringa, tukikaribia kijiji konda anapita "jamani fungeni mikanda, wazee wako mbele", tunafunga fasta, lori linalokuja linatuwashia taa mara mbili, dereva anashuka mpaka 50 utadhani kabeba maiti, tukishapita tu kile kibao cha kufuta 50 mikanda inafunguliwa na mguu unarudi pale pale. Afu faini ya papo kwa papo ni elfu 30 kwa kosa, tajiri wa basi hiyo anaitoa kabla hajanywa chai.

VTS, kile kifaa cha kufuatilia mwendo wa basi, nayo ilikuwepo, inalia pii pii kila tukizidi 80, bibi mmoja siti ya nyuma yangu akauliza hiyo simu ya nani haipokelewi 😂

Kwangu mimi tochi ihamehame, na makosa yaende kwenye leseni ya dereva, sio mfukoni kwa tajiri.