Senti ya 1955: maandishi mawili ya kweli au muhuri uliochoka?

Mkuu, picha yako nimeikuza mpaka mwisho. Umeuliza kama senti yako ya Lincoln ya 1955, ile sarafu ya senti moja ya Marekani yenye sura ya Rais Lincoln, yenye 5 ya mwisho inayoonekana mbili, ndiyo ile inayouzwa kwa maelfu ya dola. Siyo. Pole sana, najua inavyouma. Mimi nilinunua kama hiyo kwa dola 60, nikalala nayo wiki nzima nikiamini nimeokota dhahabu.

Ile ya kweli iliharibika kabla sarafu hata moja haijapigwa. Zamani hizo muhuri wa kupigia sarafu ulipata sura yake kwa kugandamizwa na muhuri mama zaidi ya mara moja, na katikati ulipashwa moto ili chuma kilainike. Pale kwenye kiwanda cha sarafu cha Philadelphia mgandamizo mmoja ukakaa upande kidogo. Ndiyo maana LIBERTY, IN GOD WE TRUST na tarakimu zote nne za mwaka zinaonekana mbilimbili hata kwa macho matupu. Zilipogunduliwa, zilikuwa zimeshachanganyika na nzima, zikaachwa ziende. Inakadiriwa zilizotoka ni kati ya 20,000 na 24,000.

Sasa tazama yako. IN GOD imetulia. 1 na 9 ni moja moja. Ni 5 ya mwisho tu, na hicho unachokiita 5 ya pili hakina umbo la tarakimu, ni uvimbe uliotandaa kuelekea ukingoni. Muhuri umepiga sarafu nyingi mno ukalika. Washa taa moja ya pembeni, uizungushe taratibu: mara nyingi utaona vimistari kama miale vikikimbilia ukingo. Wakusanyaji wa Marekani wana jina lake kabisa, huiita maandishi mawili ya maskini.

Siku hizi naanzia kwenye ncha za herufi, kwa lenzi ya mara 10. Maandishi mawili ya kweli huacha mpasuko nchani, kama mkia wa mbayuwayu, na pande zote mbili zimeinuka. Muhuri uliochoka hauachi mpasuko, unavimbisha tu. Ukikuta kingazi bapa kinachong'aa, kilichoupunguza upana wa herufi yenyewe, huo ni muhuri uliolegea ukateleza wakati wa kupiga. Nao hauongezi bei.

Usiisugue kwa chochote. Yangu bado ninayo, imekaa kando ya picha kubwa ya ile ya kweli, na kila senti ya 1955 inayonijia naipima kwanza na hizo mbili.