Ombi la urafiki kutoka kwa marehemu

Liliingia saa nne usiku nikiwa nakunja nguo za watoto. Jina la Neema (silo jina lake halisi) na picha yake ile ya sare, amesimama kando ya bomba la bweni. Neema alifariki mwaka 2011. Taarifa ya msiba ilinifikia, sikwenda. Pamoja na ombi kulikuwa na ujumbe wa maneno mawili: "Nauli ilipatikana?"

Simu ilinitoka mkononi.

Tulikuwa kidato cha tatu. Wiki ya kufunga shule nauli yangu ilipotea, shilingi 15,000. Nikamtaja Neema, kwa kuwa ndiye aliyebaki bwenini wakati wa prepo, anaumwa. Akachapwa mstarini mbele ya shule nzima, kisha akarudishwa nyumbani kumleta mzazi. Hakurudi tena. Siku mbili baadaye niliikuta pesa yangu imekunjwa ndani ya daftari. Aliyeniona nikiitoa ni rafiki yangu wa kitanda cha juu tu. Tukanyamaza, mimi na yeye, miaka yote hiyo.

Nawaandikia kwa sababu tangu tuanze kuungana na wenzetu wa shule mtandaoni, ya zamani yanafufuka, na hofu ya usiku kama ule inaweza kukufanya uharibu zaidi. Mimi niliharibu. Nilimwandikia rafiki yangu yule: "Umeanza kuniuza?" Alinipigia alfajiri analia, hajui lolote. Nilikuwa nimerudia kosa lile lile la bwenini: kumtuhumu mtu kwa sababu tu alikuwa karibu. Ukipata ujumbe wa namna hii, usimtaje mtu yeyote mpaka kukuche.

Kukicha, chunguza akaunti. Facebook ikishaarifiwa kwamba mtu amefariki, inaweza kuigeuza akaunti yake kuwa ya kumbukumbu, na hapo hakuna anayeweza kuingia tena. Basi ombi likitoka kwa marehemu, ama familia haijatoa taarifa na kuna mwenye nywila yake, ama mtu amefungua akaunti mpya kwa jina lake. Tazama machapisho ya nyuma. Marafiki mnaofahamiana nao wote wasikutulize, maana mmoja akikubali ombi, wengine humfuata bila kuuliza.

Usikiri kitu kwa maandishi kwa mtu usiyemjua. Akipiga picha ya skrini, anaweza kukudai pesa kesho. Mwombe mzungumze kwa sauti. Akikataa, akatisha au akataja pesa, tunza kila ujumbe uende polisi. Kwa Tanzania ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayogusa wanaojifanya watu wengine na wanaosumbua wenzao mtandaoni.

Wangu hakukataa. Alipiga mwenyewe mchana ule, sauti ya binti mdogo: mdogo wake Neema. Akaunti ilikuwa ya dada yake kweli, nywila aliikuta nyuma ya shajara. Ndani ya shajara, swali lile la nauli lilikuwa limeandikwa mara nyingi. Hakujua jibu. Alitaka kujua tu kama dada yake alikuwa mwizi.

Hapo polisi hawana msaada, wala kumzuia asikupate tena. Nilimwambia, "Ilipatikana. Niliipata mimi." Akakaa kimya muda mrefu, kisha akaomba niende nikaseme hivyo hivyo mbele ya mama yao.

Nilikwenda Jumamosi. Usipeleke zawadi siku kama hiyo. Mimi nilibeba sukari na kitenge, vikabaki mlangoni, navionea aibu. Mama alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza, "Ilikuwa kwenye daftari gani?"

"La Baiolojia, mama."

Akamgeukia binti yake, akamwambia aandike.