Swali: Katuni fupi inakuwaje kipindi cha TV, na kwa nini wahusika wanabadilika sana?

Swali: Habari mtaalamu. Nimeangalia vile vipande vya mwanzo kabisa vya The Simpsons (ile katuni ya baba Homer na watoto wake Bart na Lisa) nikashangaa, michoro imekaa ovyo, sauti ya Homer sio ile, Lisa kama mtu mwingine kabisa. Hivi ni nini hasa kinabadilika pale? Nauliza kwa sababu nina katuni yangu ya dakika 2, wahusika wawili, watu wanaicheka sana, nataka niirefushe iwe kipindi ila naona kama inabidi nichore upya kila kitu kwanza.

Jibu: Asante ndugu yangu kwa swali, na nianze na hilo la mwisho maana ndo linalokusumbua: usichore upya kwanza. Mimi kazi yangu ni storibodi (kupanga hadithi kwa michoro, tukio kwa tukio, kabla haijaanimetiwa), na watu wengi naowaona wanaanzia hapo kwenye sura, wanasafisha mistari, wanabadilisha rangi, miezi inapita, afu wakija kuandika hadithi ya pili wanakuta hakuna hadithi ya pili. Michoro inabadilika kweli, ila inabadilika kwa sababu ya urefu na wingi wa kazi, sio kwamba mtu alikaa tu akaamua sasa nataka iwe nzuri.

Cheki hao hao Simpsons. Walianza tarehe 19 Aprili 1987 ndani ya kipindi cha The Tracey Ullman Show, vipande vya dakika moja au mbili hivi, vikatoka 48 kwa misimu mitatu kabla hawajapewa nusu saa yao Desemba 1989. Matt Groening, aliyeibuni, aliwapa maanimeta michoro yake ya haraka haraka akiamini wataisafisha, wao wakaifuata vilevile ilivyo, ndo maana unaona vichwa vinavimba na mdomo unahama hama. Kwa dakika moja haina shida, tena inachekesha. Sasa piga hesabu: nusu saa ya TV ukitoa matangazo ni kama dakika 22, na dakika 22 kwa fremu (picha moja moja) 24 kila sekunde ni fremu 31,680, na hata ukichora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili kama wengi tunavyofanya bado ni michoro 15,840, kwa epizodi moja tu. Hiyo huwezi kuchora peke yako na rafiki zako wawili, inagawanywa kwa watu wengi, sehemu kubwa wako studio ya nchi nyingine (za Simpsons zilipelekwa Korea Kusini), na kila mmoja lazima atoe Homer yule yule. Hapo ndo zinapokuja sheria, jicho linaanzia wapi, mdomo unafunguka kiasi gani, nywele za Bart ni ncha ngapi. Sura inatulia kwa sababu watu wengi wanatakiwa kuirudia bila kuuliza.

Na hata hivyo haikwenda vizuri mara moja. Epizodi ya kwanza kutengenezwa ilirudi mbovu, milango na fanicha vinapindapinda kama mpira, ikabidi sehemu kubwa ifanywe upya, na ile ambayo ingekuwa ya kwanza kuonyeshwa ikaenda kuwa ya mwisho wa msimu, Mei 1990. Napenda sana hili tukio kwa sababu linaonyesha kitu cha kiufundi ambacho kwenye kipande kifupi hukioni: ukitaka mtu aamini familia kwa nusu saa, nyumba yao lazima ikae imara, meza iwe meza, ndipo mwili wa mhusika ukipinda kidogo inachekesha. Kila kitu kikipinda hakuna kinachochekesha.

Sauti nayo ni urefu huo huo. Dan Castellaneta mwanzoni alimfanya Homer kwa kumwiga mwigizaji Walter Matthau, sauti nzito ya kukoroma, na kwa mistari mitatu minne inatosha. Kipindi kilipokuwa kirefu akawa anakaa studio masaa mengi anarekodi, akaona ile sauti haibebeki na pia haiwezi kulia, kufurahi, kuomba msamaha, kwaiyo akaihamisha taratibu mpaka ikawa ile tunayoijua. Kama wewe ndo unafanya sauti za wahusika wako jaribu kusoma kurasa ishirini kwa sauti hiyo, ukikauka koo ukurasa wa nne umeshapata jibu.

Sasa wahusika, na hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Kipande kifupi kinahitaji mgongano mmoja tu. Lisa wa mwanzo alikuwa karibu sawa na Bart, mtundu mwingine wa kupigana naye, basi. Kwenye nusu saa watundu wawili wa aina moja wanamaliza hadithi zote wiki ya pili, kwaiyo Lisa akawa mwenye akili na dhamiri, mtu anayetaka kitu tofauti na wote mle ndani, na ghafla kuna hadithi ambazo Bart asingeweza kuzibeba. Seth MacFarlane, aliyebuni katuni ya Family Guy, naye aliendaje? Mwaka 1995 alifanya filamu ya chuo kuhusu Larry na mbwa wake Steve, 1997 akawarudisha kwenye kipande cha kituo cha TV cha Cartoon Network, halafu kwenye Family Guy, iliyoanza Januari 1999, wakawa Peter na Brian, ila sasa wamezungukwa na mke, watoto watatu, na mmoja wa watoto hao ana ajenda zake kabisa. Watu wawili wanatosha kwa utani, ila wanapotaka kugombana lazima wapate wa kugombania.

Njia ya kufikia urefu sio moja lakini. Beavis na Butt-Head, vijana wawili wa katuni wa Mike Judge, walitoka kwenye kipande cha 1992, kipindi kikaanza Machi 1993, na kituo cha MTV hakikuwalazimisha wakue, kiliwakalisha kwenye kochi wanatoa maoni kwenye video za muziki katikati ya hadithi, muda ukajaa na wahusika wakabaki vilevile. Waliobuni katuni ya South Park, pailoti yao (epizodi ya kwanza ya majaribio) walikata karatasi kwa mkono na ikawachukua kama miezi mitatu, ratiba ya TV haisubiri hivyo, wakahamia kwenye kompyuta lakini wakaiamuru ionekane kama karatasi ile ile. Yaani waliacha mbinu wakabaki na sura, na kwa maoni yangu huo ni uamuzi mzuri kuliko wote niliowataja hapa.

Kwaiyo wewe fanya hivi. Andika hadithi ya pili na ya tatu kabla hujagusa mchoro. Pendleton Ward alipopeleka katuni yake Adventure Time kwa Cartoon Network, baada ya kituo kingine, Nickelodeon, kuikataa, kipande chake cha kwanza kilikuwa kimeshatazamwa sana mtandaoni lakini bado walitaka wapewe storibodi nyingine iwathibitishie kwamba kuna kipindi pale, sio utani mmoja uliobahatika. Weka wahusika wako mahali ambapo utani wao wa kawaida haufanyi kazi, mmoja ana huzuni, au mmoja hayupo, uone kama bado wanaongea au wananyamaza. Wakinyamaza muongeze mtu wa tatu anayetaka kitu wasichokitaka wao.

Zikisimama hizo, zipange kwa michoro ya penseli tu, rekodi sauti za kubahatisha kwenye simu, uziunganishe kwa muda halisi uangalie mwanzo mpaka mwisho na mtu ambaye hajawahi kuiona. Anza na dakika 7, au 11 kama urefu wa epizodi za Adventure Time, usirukie 22. Pale anapoanza kuchezea simu yake, andika dakika na sekunde, ukarekebishe hapo. Ikishapita bila yeye kuchoka ndo ukae uchore kila mhusika mbele, ubavu, nyuma, midomo ya kila sauti, na wakati huo utajua mstari upi ubaki kwa sababu utakuwa umeshauchora mara nyingi na mkono wenyewe utakuwa umeshaacha usiohitajika.