Pampu imelala kwari wiki mbili? Ikitoka, usiianike

Ndugu uliyeuliza kuhusu pampu ya petroli na sanduku la spana vilivyotumbukia kwari, yaani shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji, huko Njiru, uzamie mwenyewe ama uite mtu, na vikitoka kama vitafaa: kazi hii naifanya wikendi, siku nyingine niko karakana hapa Grogan, Nairobi. Nianze na jambo linaloumiza watu mfuko. Chuma kilichozama kwenye tope la maji yasiyo na chumvi hakiliwi na kutu haraka vile unavyodhani, maana hewa huko chini ni haba. Kinaliwa siku kinapotoka.

Lakini kwanza kitoke. Kabla mtu hajavua shati, jaribuni sumaku kubwa iliyofungwa kamba, pamoja na ndoana ya nondo. Bodi ya pampu ni alumini, sumaku haitaishika, ila fremu ni chuma na sanduku pia. Kazi kadhaa nilizoitiwa ziliishia hapo na sikulowa hata kiatu. Pesa ya usafiri nilichukua, lakini.

Ikishindikana, tafuta mzamiaji aliyesomea, mwenye mtungi wake wa hewa. Kuta za kwari zimekatwa wima, pa kushika hakuna, na chini kuna nondo, waya na magunia ambayo huyaoni. Ukishuka mita 2 tu, mkono wako mwenyewe umepotea. Mimi huteremsha jiwe zito pale kitu kilipozamia, nashika kamba yake na kuzunguka nikipapasa tope kwa vidole. Mzunguko ukiisha naachia kamba urefu wa mkono mmoja, naanza tena. Juu kuna mtu anayeshika kamba nyingine iliyofungwa mwilini mwangu, na kazi yake ni hiyo tu. Si kupiga picha.

Halafu msisahau Nairobi iko juu, karibu mita 1,700. Majedwali ya kawaida ya uzamiaji, yale yanayokuambia ukae chini muda gani kwa kina gani, yamepigiwa hesabu usawa wa bahari. Kwa hapa kwetu mita 10 unazihesabu kama 12 hivi. Mambo haya nilidhani ni ya darasani tu. Kisha siku moja nikazamia Mombasa asubuhi na mchana, jioni nikapanda basi la kurudi. Tulipopita Emali, barabara ikipanda, kiwiko kilianza kuniuma kama jino bovu: gesi iliyobaki mwilini baada ya kuzamia hutoa mapovu ukipanda mahali pa juu mapema. Badala ya kwenda hospitali nikameza dawa ya maumivu nikalala, ujinga mtupu. Sasa nikizamia mara moja tu na si kwa kina kirefu nangoja muda wa saa 12 kabla ya kupanda huku, na nikizamia mara nyingi nangoja saa 18.

Haya, pampu imefika ukingoni. Usiianike juani, na usivute kamba ya kuwasha kuona kama bado iko hai! Itie kwenye pipa la maji safi, funika, isafirishe hivyo hivyo ikiwa ndani ya maji. Itoe tu ukiwa na spana ya plagi mkononi na saa tatu za kukaa nayo. Fungua plagi, iinamishe, vuta kamba polepole maji yatemwe. Mwaga oili yote. Ukiiona imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mimina dizeli kwenye silinda, zungusha, mwaga, rudia mpaka itoke safi, kisha tia oili mpya humo ndani. Kabureta na tangi visafishe kando. Hapo ndipo unaweza kufikiria kuiwasha.

Spana ni rahisi zaidi. Beseni la plastiki, maji, na magadi, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4. Waya hasi wa chaja ya betri unashika spana, waya chanya unashika kipande cha chuma chakavu, na viwili hivyo visigusane. Utaona mapovu madogo yakipanda kutoka kwenye spana, na baada ya saa kadhaa kutu inatoka kwa brashi kama masizi ya sufuria. Fanya nje, mbali na moto, kwa sababu mapovu yale ni haidrojeni. Usitie chumvi ya meza, itatoa klorini. Na chuma chakavu kisiwe cha pua kama kijiko kile kisichoshika kutu, kinaacha sumu ndani ya maji.

Alumini isiingie humo kabisa. Mwaka wangu wa kwanza nilitumbukiza kabureta ya mteja nikaenda kula. Niliporudi ilikuwa nyeusi, ina vishimo kama mkate wa mofa. Nikamlipa nyingine.

Na kama kwenye tope hilo utapapasa kitu cha kale kweli, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, sheria inakihesabu kuwa mali ya kale: usikisugue, wapigie Makumbusho. Wao ndio wanaotunza pale Fort Jesus vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama Mombasa 1697 na kuchimbuliwa kuanzia 1977. Kwa kwari ya Njiru sidhani.

Wiki mbili si nyingi. Nilishaamsha pampu iliyolala mwezi mzima, na kilichonigharimu ni plagi, oili na gasketi moja. Tuambie tu ukingo pale ukoje, na kama kuna mahali pa kufunga kamba.