Mfuko wa DAF haulipi ada ya mtoto wa dada

SWALI: Mimi na mume wangu tuko Minnesota, kipato chetu ni dola 160,000 kwa mwaka. Tuna hisa tulizonunua dola 5,000 miaka minne iliyopita, sasa ni 24,000. Tumeshauriwa tufungue mfuko wa hisani wa DAF (donor-advised fund: unaweka sadaka, kisha unapendekeza ipewe nani), tupunguziwe kodi, halafu mfuko umlipie ada mtoto wa dada yangu aliyeko Arusha. Tuziuze kwanza?

JIBU: Msiuze, dada. Mkiuza, faida ya 19,000 inakatwa kodi ya serikali kuu ya 15%, yaani dola 2,850. Mwambieni dalali azihamishe hisa zenyewe hadi kwa taasisi inayosimamia mfuko. Mmezishika zaidi ya mwaka, kwa hiyo punguzo lenu linahesabiwa kwa bei ya soko, mradi lisizidi 30% ya kipato. Jazeni Fomu 8283, ya sadaka isiyo ya fedha taslimu.

Nafuu hiyo mtaiona tu ikiwa mnaorodhesha makato, yaani mnataja kila punguzo moja moja badala ya kuchukua makato ya kawaida. Kwa 2026 wanandoa wanapata makato ya kawaida ya 32,200 bila kutoa chochote. Kama riba ya nyumba na kodi za jimbo ni 20,000, sadaka ya 8,000 kwenye DAF kila mwaka haiwapunguzii hata senti ya kodi ya serikali kuu. Wekeni ya miaka mitatu kwa mkupuo: 24,000 na zile 20,000 ni 44,000, toa 800 (nusu asilimia ya kipato, sharti jipya la 2026), mnavuka makato ya kawaida kwa 11,000.

Sasa hiyo ada. Aliyewashauri amewapotosha, na uongo huu unasambazwa kila msimu wa kodi: eti DAF ni akaunti yako ya akiba iliyosamehewa kodi. Hisa zikishapokewa si zenu tena, wala hazirudi. Mnabaki na haki ya kupendekeza tu, na stakabadhi yenyewe inasema hivyo. Malipo kwa mtu binafsi yanaitia taasisi kodi ya 20%, ndiyo maana itakataa. Kuzungushia kanisani au kwenye chama cha wanajumuiya ni hatari zaidi: pendekezo lako likikunufaisha wewe, mzazi, mtoto, kaka au dada yako, unaweza kutozwa 125% ya manufaa hayo. Tiketi za chakula cha hisani nazo hazilipiwi na DAF. Shule ya Tanzania kama taasisi inaweza kusaidiwa, lakini lazima ichunguzwe kwanza, na si kila msimamizi wa mfuko anafanya kazi hiyo. Ulizeni kabla ya kuhamisha hisa.

Anayekuahidi njia ya mkato, mwambie akuandikie na aweke sahihi.

Ada ilipeni kutoka mfukoni, moja kwa moja shuleni: haina punguzo, ila haihesabiwi kodi ya zawadi.