Mgeni Aliposema "Sorry"

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni nahodha hapa Shela, Lamu, nawapeleka wageni kisiwani Manda Toto kuogelea. Juzi Mwingereza mmoja aliteleza kwenye ngazi za gati, nikamwambia "sorry". Akanishangaa, akasema si kosa langu. Kesho yake nikamwarifu kuwa siendi baharini, bibi yangu amefariki. Naye akasema, "I'm so sorry." Kwani yeye alimfanya nini bibi?
Nahodha, Shela

JIBU: Marahaba mwanangu, na makiwa. Mungu amrehemu bibi.

Mgeni wako hakukiri kosa lolote, alikupa makiwa kwa lugha yake. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa sarig, na shina lake ni sar, yaani uchungu. Ndugu yake wa leo ni sore, neno la mahali palipochubuka ukigusa panauma. Basi anayesema "I'm sorry" anakupa habari za moyo wake mwenyewe: naumia. Kinachomuuma kikiwa ni msiba wako, hayo ni makiwa. Kikiwa ni jambo alilokutendea, hapo anaomba radhi.

Pole yetu humwendea aliyepatwa. Wakiwa wengi tunawaambia poleni. Sorry haibadiliki hata unaowaambia wakiwa wengi, kwa sababu msemaji anajisema mwenyewe. Tena mchukuzi akipita mtaani Langoni ameelemewa na gunia tunamwambia "pole na kazi", wala hakuna aliyemkosea. Mwambie Mwingereza "sorry" kwa kazi yake, atakuuliza umeiharibu wapi. Ndivyo ilivyokuwa pale gatini. Wewe ulimpa pole, yeye akasikia unaomba msamaha kwa ngazi yenye utelezi. Wakenya wengi tunaitumia sorry kama pole, na baina yetu tunaelewana vizuri, sioni haja ya kuiacha. Ila mgeni aliyefika jana hajui.

Jambo hili linanigusa, maana kwa miaka mingi niliandika ubaoni: sorry ni samahani. Nikawapa watoto wa watu nusu ya neno.

Utalisikia kwingine pia. Akilitamka kwa kupandisha sauti, "Sorry?", hakukusikia, rudia ulilosema. Ukimnadia safari akajibu "Sorry, not today", anakataa kwa adabu tu. Mwache apite, usimfuate hadi mkahawani. Na ile samahani yetu ya kuomba njia vichochoroni Mkomani, punda wakiwa nyuma yako, kwao huwa "excuse me".

Siku mgeni akiteleza tena, mshike mkono kwanza, kisha muulize "Are you all right?", kama ungemuuliza mwenzako "Hukuumia?" Ukitaka kumwambia pole kwa Kiswahili, mfafanulie, kwa kuwa wengi huja wakijua polepole peke yake, naye atadhani unamwambia ashuke taratibu.