Biosensa inasoma tofauti na maabara? Angalia sampuli kwanza

Mkuu uliyeuliza kwa nini biosensa yako (kifaa kinachopima kwa enzaimu au kingamwili) inasoma glukosi ya juisi juu kuliko maabara, na kama hivi vifaa vinafaa kupima sumukuvu, yaani sumu ya kuvu, kwenye karanga, hii kazi nimeifanya muda mrefu na mara nyingi sana kifaa ni kizima, shida iko kwenye chakula chenyewe.

Wazo la kuweka enzaimu kwenye elektrodi (kile kipande kinachopitisha umeme) lipo tangu 1962, walilitoa Clark na Lyons. Kwenye biosensa nyingi za leo enzaimu inabadilisha glukosi, inatoka haidrojeni peroksaidi, elektrodi inaisoma kama umeme. Sasa juisi ina vitamini C, nayo inatoa umeme pale pale kwenye elektrodi, kifaa hakijui kutofautisha kinajumlisha tu, ndo maana namba inapanda! Punguza juisi kwa bafa (kimiminika kinachozuia tindikali isibadilike) halafu pima tena, ukizidisha jibu kwa mara ulizopunguza lisipolingana na la mwanzo ujue kuna kitu kinaingilia. Kama unayo elektrodi isiyo na enzaimu pima nayo pia, uitoe hiyo namba kwenye jibu lako. Mi pia huwa naongeza glukosi ninayojua kiasi chake naangalia kama yote inaonekana, hiki kipimo watu wanakiruka sana na ndo kinachokuambia ukweli.

Sumukuvu ni habari nyingine kabisa, hapo badala ya enzaimu unatumia kingamwili, protini inayoshika sumu hiyo. Karanga chache tu zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, kwa hiyo ukichota kiganja kimoja hujapima gunia. Chota sehemu nyingi, saga zote, changanya vizuri, ndo uchukue ya kupima. Methanoli ya kutolea sumu ikibaki kali inaharibu kingamwili, punguza kama maelekezo yanavyosema. Na vile vijiti vya mistari vingi vinasomwa kinyume, mstari wa kipimo ukififia ndo sumu ipo, nimeona watu wakipitisha mzigo mbovu kwa hili na huo unaenda kuliwa na watoto, aisee inauma.

Kabla hujanunua uliza kinaanza kuona kiasi gani. Ulaya karanga za kuliwa moja kwa moja mwisho ni mikrogramu 4 kwa kilo kwa aflatoksini zote (ndo hizo sumukuvu za karanga), Marekani 20, kifaa kinachoanzia 10 kwa soko la Ulaya hakikusaidii kitu. Jibu likiwa karibu na kikomo peleka sampuli ile ile iliyosagwa maabara wapime kwa HPLC (mashine inayotenganisha kemikali na kupima kila moja), usiwapelekee nyingine.